Simu ya Saa Moja Jioni: Jibu kwa Binti Ambaye Wazazi Wake Wametengana

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa miaka 16, nasoma Kidato cha Tatu hapa Morogoro, shule ya kutwa. Wazazi wangu wametengana tangu Februari. Baba amehamia Dodoma na anaishi na mwanamke mwingine. Mama hazungumzii jambo hilo, ila usiku namsikia analia. Kabla baba hajaondoka sikuwahi kuwa na mpenzi. Tangu aondoke nimekuwa nao watatu. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi mwenzangu, wa pili tulijuana kwenye simu na hatukuwahi kuonana, na huyu wa sasa ana miaka 21, anatengeneza simu karibu na stendi. Ananisikiliza, ananiuliza kama nimekula, ananipigia kila siku saa moja jioni, muda ambao baba alikuwa akifika nyumbani. Akichelewa kupiga nashikwa na hofu, tumbo linauma, siwezi kusoma. Sasa anataka Jumamosi niende geto kwake, na anasema kama nampenda kweli sitakataa. Shangazi alisema mbele yangu kwamba watoto wa kike wa walioachana huharibika. Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mimi ndiye niliyeona meseji za yule mwanamke kwenye simu ya baba nilipokuwa namsaidia kutuma pesa, nikamwonyesha mama. Je, mimi ndiye niliyevunja ndoa yao? Na huyu kijana, nampenda kweli au namtafuta baba?

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Nimeyasoma maelezo yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye siku ile ile, Jumamosi. Kwa kuwa siku hiyo inaweza kufika kabla hujamaliza kuyatafakari yote nitakayoyaandika, naanza na neno ambalo kwa kawaida ningeliweka mwishoni: usiende. Huhitaji kwanza kuwa na uhakika kama unampenda au humpendi, wala huhitaji kumpa sababu itakayomridhisha. Mwambie huendi, basi. Sababu zangu nitazieleza, na baada ya kuzisoma unaweza kubishana nami kadiri upendavyo, ila ubishi huo tuufanye Jumamosi ikiwa imepita.

Umeuliza maswali mawili, lakini mimi nimesikia matatu. La tatu hukuliwekea alama ya kuuliza, nalo ni lile lililopandwa na shangazi yako: je, mimi nimeshaharibika? Maswali haya yamesukwa pamoja kama ukili, na nadhani ndiyo maana umeshindwa kulijibu hata moja peke yako.

Nianze na zile meseji, kwa sababu huo ndio mzigo ambao hujawahi kuutua mbele ya mtu yeyote. Ulikuwa umeshika simu ya baba yako kwa ruhusa yake, unamsaidia kutuma pesa, ukaona maneno ambayo hukuyatafuta. Ukampelekea mama yako. Tangu siku hiyo hesabu kichwani mwako imekuwa nyepesi mno: nisingeonyesha, baba angekuwepo. Sitakudanganya kwa kusema kwamba kitendo chako hakikuwa na athari yoyote. Huenda ugomvi wa usiku ule ulianzia kweli kwenye simu ile, na huenda mama yako alijua siku hiyo badala ya kujua mwezi uliofuata. Lakini anayesababisha jambo lijulikane mapema hakulitenda jambo lenyewe. Mtoto anayepiga kelele kwamba wali unaungua hakuwasha moto, wala si yeye aliyeliacha jiko na kwenda barazani. Maneno yale yaliandikwa na watu wazima wawili, siku nyingi kabla wewe hujaishika simu, na baba yako aliyasoma na kuyajibu bila kukuuliza.

Nimekaa na vijana wengi ambao wazazi wao wametengana, na karibu kila mmoja ana meseji yake: kuna aliyefeli mtihani na wazazi wakagombana juu ya ada, kuna aliyeugua malaria baba akachelewa kurudi safari, kuna aliyemwambia mama yake «kwa nini usimwache tu». Kila mmoja anaamini kwamba ni yeye. Inashangaza kidogo mpaka utambue kwamba lawama, pamoja na uchungu wake, inampa mtu kitu cha kushika. Kama mimi ndiye niliyevunja, basi mimi ninaweza kujenga upya. Nikinyamaza, nikifaulu, nikiwa mtoto mwema, watarudiana. Kukubali kwamba watu wazima wawili waliufikia mwisho wao kwa njia zao wenyewe kunauma zaidi, kwa sababu hakukuachii kazi yoyote ya kufanya.

Na kwa kweli kazi hiyo si yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa wanandoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini, kabla mahakama haijapokea maombi ya talaka, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe. Yaani hata taifa, lilipokaa chini kuamua nani awapatanishe mume na mke, lilitafuta wazee wa baraza. Halikumtaja binti yao wa Kidato cha Tatu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliita kwa jina lake. Una msiba. Mtu akifa kwetu tunajua la kufanya: turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, jirani ambaye hamjasalimiana miezi sita analeta sufuria yake kubwa, wanafunzi wenzako wanachangishana na kuja wakiongozwa na mwalimu wa darasa, na siku ya kuanua tanga ikifika watu wanakupa ruhusa ya kuanza kurudi kwenye maisha. Baba akiondoka na begi mwezi wa pili, hakuna turubai. Jumatatu uko mstarini, sare imepigwa pasi, unaimba wimbo wa taifa. Hakuna anayekupa pole, kwa sababu hata neno pole linaonekana kama kumtangaza mama yako mtaani. Na aliyeondoka yu hai. Namba yake ipo kwenye simu, picha yake ya wasifu inabadilika, na siku moja kwenye picha hiyo unauona mkono wa mwanamke usiyemjua.

Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, alianza kuuchunguza msiba wa namna hii miaka ya 1970, akianzia kwa familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam bila kujulikana kama ni hai au wafu. Aliona kwamba watu hawa walikwama katika huzuni yao, kwa kuwa haikuwa na siku ya kuanza wala siku ya kwisha. Hawakuweza kulia kama wafiwa, kwa kuwa hapakuwa na maiti, na hawakuweza kutulia kama wenye mume au baba, kwa kuwa kiti kilikuwa kitupu. Baadaye aliona hali hiyo hiyo kwa watu waliotenganishwa na ndugu zao kwa talaka au kuhama. Nakueleza haya ili ujue kwamba kuzubaa darasani, hasira za ghafla kwa mdogo wako au shoga yako, na hamu kubwa ya mtu wa kukushika mkono ni mambo yanayotarajiwa kwa mfiwa ambaye hakuna aliyemwandalia tanga.

Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba kijana huyu anakupigia saa moja jioni. Mimi nimelipigia mstari neno hilo. Kwa miaka 15 mwili wako ulizoea kwamba saa moja mlango unafunguliwa, viatu vinavuliwa, funguo zinatupwa mezani, na mtu anauliza daftari liko wapi. Mazoea ya namna hiyo hayakai kwenye mawazo peke yake; yanakaa mwilini. Sasa saa moja inafika, mlango haufunguki, na mwili unasubiri. Homoni iitwayo kortisoli, ambayo kazi yake ni kumwandaa mtu kukabili hatari, inaongezeka. Moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, akili haikai kwenye hesabu. Kisha simu inaita, sauti ya kiume inauliza kama umekula, na vyote vinashuka kwa pamoja. Nafuu hiyo ni ya kweli na ni tamu. Shida yake ni kwamba, ukiwa ndani yake, nafuu na mapenzi vinafanana kama mapacha.

Mwaka 1974 watafiti wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walifanya jaribio nchini Kanada kwenye daraja la Capilano, daraja refu na jembamba linaloning'inia juu ya korongo na kuyumba kila mtu anapolikanyaga. Mwanamke mmoja aliwasimamisha wanaume waliokuwa wakivuka, akawauliza maswali machache na kuwaachia namba yake ya simu. Aliwafanyia hivyo hivyo wanaume wengine kwenye daraja imara lisiloyumba. Waliompigia baadaye walikuwa zaidi wale wa daraja linaloyumba. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba mapigo ya moyo yaliyoletwa na hofu, wanaume wale waliyachukulia kuwa yameletwa na yule mwanamke. Wewe, binti yangu, tangu Februari umesimama juu ya daraja la aina hiyo, na wapenzi wote watatu wamekukuta hapo hapo.

Hilo linanipeleka kwa shangazi yako. «Kuharibika» ni neno la maziwa na nyanya, na sijui ni lini tulikubaliana kulitumia kwa watoto wa kike. Hata hivyo sitaki kulipuuza alilosema, kwa sababu ndani yake kuna punje ya jambo ambalo watafiti nao waliliona. Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Mavis Hetherington, alichapisha utafiti wa wasichana 72 wa miaka 13 hadi 17: kundi moja waliishi na baba na mama, kundi la pili baba zao walifariki, na kundi la tatu wazazi wao walitalikiana na wao wakabaki na mama. Walipoingia kuhojiwa na mwanamume, walikuta viti vilivyowekwa kwa umbali tofauti. Wasichana waliofiwa na baba walielekea viti vya mbali. Wale wa wazazi waliotalikiana walielekea kukaa kiti cha karibu naye.

Shangazi angeinuka kushangilia hapa, kwa hiyo namwomba akae tupate kumaliza. Kukaa karibu hakuonyeshi tabia mbaya. Kunaonyesha kiu ya kuonwa na mtu ambaye ni kama yule aliyekosekana. Tena Hetherington huyo huyo aliendelea kuzifuatilia familia kwa miongo kadhaa, na alichokuta ni kwamba takriban watoto 25 kati ya 100 waliotoka kwenye talaka walipata matatizo makubwa ya kihisia au kitabia, wakati kwa watoto ambao wazazi wao waliishi pamoja idadi ilikuwa takriban 10 kati ya 100. Hatari kweli inaongezeka, na si haki kukuficha. Lakini waliobaki, yaani robo tatu, walikua, wakasoma, wakaoa na kuolewa kama watu wengine. Kilichowasaidia hakikuwa kitu cha ajabu: ugomvi wa wazazi uliokoma badala ya kuendelea kupitia watoto, ratiba ya nyumbani isiyovurugika, na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuwadai chochote. Zingatia maneno hayo ya mwisho, bila kuwadai chochote, maana nitayarudia.

Basi, unampenda au unamtafuta baba? Ukitaka nikuchagulie moja, siwezi, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuishi ndani ya mtu mmoja jioni moja. Kutamani kupendwa ukiwa na miaka 16 ni jambo la kawaida. Hata mabinti ambao baba zao wako sebuleni wakitazama taarifa ya habari wanaandika majina ya wavulana nyuma ya daftari. Sina sababu ya kukuonea aibu kwa hilo. Ninachokiona kwako ni kasi: watatu tangu Februari, baada ya miaka 15 bila hata mmoja. Jiulize, siku ambayo mambo yamekwenda vizuri, umefaulu jaribio la Kemia na mama amecheka, je, siku hiyo unamkumbuka yeye kwa hamu ile ile, au unamkumbuka pale tu nyumba inapokuwa kimya? Jiulize pia unajua nini juu yake, mbali na namna anavyokufanya ujisikie: anamwogopa nani, anagombana vipi na watu, mama yake anamwitaje. Kama unajua kidogo sana, inawezekana unachokipenda zaidi ni ile simu.

Simjui kijana huyo na sitamwita mbaya. Inawezekana naye ni mpweke, inawezekana hata ana nia njema. Lakini amesema sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite, kwamba kama unampenda kweli hutakataa. Hapo amegeuza mapenzi kuwa mtihani ambao jibu lake sahihi amelitunga mwenyewe. Mtu anayekujali anapokea «hapana» yako, anaweza kununa jioni moja, kisha anauliza tena kama umekula. Anayekuambia kwamba «hapana» yako ni ushahidi wa kutopenda anajua unachokiogopa zaidi, yaani kuachwa kwa mara ya pili, na ameushika woga huo mkononi, awe anafahamu anachofanya au hafahamu.

Kuna na umri. Miaka mitano si kitu kati ya mwenye 30 na mwenye 35, lakini kati ya 16 na 21 ni tofauti ya mwenye kipato, chumba na ufunguo wake, na asiye na kimojawapo. Ukiwa geto kwake, mlango ni wake na saa ya kuondoka haiko mikononi mwako. Sheria nayo iko wazi: nchini Tanzania, kijana wa miaka 21 akikutana kimwili na wewe anahesabiwa kuwa amebaka, hata kama umekubali, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imeweka miaka 30 pia kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Sizitaji sheria hizi ili ukamtishe nazo. Nazitaja kwa sababu huenda hakuna aliyekuambia kwamba nchi nzima, bungeni na mahakamani, imeshakubaliana kuwa mzigo wa kusema hapana haukutakiwa kuwa wako peke yako. Ulitakiwa kuanza kwake.

Utafanya nini naye? Unaweza kukata mawasiliano leo. Ni njia iliyo salama zaidi, ila jioni za mwanzo zitakuwa ngumu na utashawishika kumtafuta wa nne. Unaweza kuendelea kuzungumza naye kwa simu tu na kujiambia kwamba hamtaonana. Njia hiyo inaonekana laini, lakini nimeona mabinti wengi wakiteleza juu yake, kwa sababu kila saa moja jioni inapoongezeka, kukataa Jumamosi inayofuata kunakuwa kuzito zaidi. Mimi ningekushauri ya kwanza, tena kwa ujumbe mfupi usio na matusi wala maelezo marefu: «Sitakuja Jumamosi. Mimi bado ni mwanafunzi na nyumbani kuna mambo mazito. Naomba tusiendelee.» Jibu lake litakufundisha mengi kuliko kurasa zangu hizi. Akikutakia heri, mshukuru moyoni. Akitukana, akikutishia kusambaza mazungumzo au picha zenu, au akianza kukusubiri njiani, usimjibu tena, usifute chochote, na mpelekee mtu mzima simu hiyo siku hiyo hiyo.

Mtu mzima yupi? Shangazi tumwache kwa sasa. Natamani awe mama yako, lakini naelewa unavyoogopa kumwongezea machozi. Wengi hudhani kwamba mama anayelia usiku hana nafasi ya habari nyingine. Mara nyingi mama huyo analia akiamini kwamba ninyi watoto mmelala na hamjui lolote, na kunyamaza kwake ndiyo namna yake ya kuwalinda. Mmekuwa watu wawili mnaofichana msiba mmoja ndani ya vyumba viwili. Kama huwezi kuanza naye moja kwa moja, anza na bibi, mama mdogo, au mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, umwombe akae nanyi siku utakayozungumza. Unaweza kuanza na hili tu: «Mama, tangu siku ile nilipokuonyesha simu ya baba, nahisi mimi ndiye niliyemwondoa.» Habari ya kijana itafuata yenyewe, na itapokelewa kwa namna tofauti na kama ingefika kwanza kutoka mdomoni mwa jirani wa stendi. Huenda mama akafoka. Mpe siku mbili.

Kisha kuna baba. Hukuniuliza habari zake hata kidogo, na ukimya huo umenigusa. Ndoa yao inaweza kwisha. Ubaba wake haukuandikwa kwenye cheti cha ndoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla hawajatengana, na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine anapotaka, ilimradi masomo yake yasivurugike. Kwa hiyo ukimpigia huombi fadhila, na wala humsaliti mama yako. Mpigie ukiwa umetulia, useme jambo moja: «Shikamoo baba. Sikupigii kwa ajili ya ada wala kwa ajili ya mama. Nimekukumbuka. Naomba uwe unanipigia Jumapili saa moja jioni.» Usimuulize habari za yule mwanamke na usipeleke wala kupokea ujumbe kati yake na mama, akianza kukutuma, mwambie awasiliane na mama mwenyewe. Inawezekana akapiga Jumapili mbili na ya tatu akasahau. Baba wengine walioondoka huona aibu, na aibu ikikaa muda mrefu hufanana sana na kutojali. Ikiwa hivyo, utaumia, lakini utakuwa umeumia kwa mtu anayekuhusu, badala ya kumbebesha fundi simu deni ambalo si lake.

Kuna hali ambazo maandishi kama haya hayatoshi. Kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, huoni ladha ya kitu chochote, au umeanza kujiumiza au kufikiri kwamba ni afadhali usingekuwepo, usisubiri; mwambie mtu mzima leo, muende hospitali au kituo cha afya na uombe kuonana na mtoa huduma ya afya ya akili. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo, na anayepokea amefunzwa kusikiliza watoto. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kuwaita wazazi wote wawili wakazungumza habari za matunzo yako mbele ya afisa. Na kama jambo la kimwili limeshatokea, kwa kulazimishwa au bila kulazimishwa, fika hospitali mapema, kabla saa 72 hazijapita, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufanya kazi ndani ya muda huo. Kwenye baadhi ya hospitali kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako tabibu, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Hata ujauzito haufungi tena mlango wa shule: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi darasani.

Imebaki saa moja yenyewe, kwa sababu itafika leo na kesho, na mwili wako utaanza kusubiri kama kawaida yake. Usipambane nayo ukiwa peke yako chumbani na simu mkononi. Hapo utashindwa, na hata mimi ningeshindwa. Ipe kazi nyingine. Saa kumi na mbili na nusu iweke simu kwenye chaji chumba cha mama, uende jikoni aliko, uvute kigoda, uanze kumchambulia mchicha. Si lazima siku ya kwanza useme chochote. Akikuuliza kwa nini leo hauko chumbani, mwambie umechoka kukaa peke yako.